Kuhamia na Kuhamishwa: Mizani Sawa, Maana Mbali

Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye mizani sawa: hamia na hamishwa. Ha-mi-a, ha-mi-shwa. Malenga anayehesabu kwa vidole anaweza kukitoa kimoja akakiweka kingine, na mshororo usipungue wala usizidi. Lakini mtu aliyemo ndani ya mshororo huo atakuwa amebadilika kabisa. Katika kitenzi cha kwanza yeye ndiye aliyefunga mizigo, akachagua njia na kuuliza habari za maji na malisho ya huko aendako. Katika cha pili upo mkono mwingine uliomwinua, na mara nyingi mkono huo hautajwi popote katika sentensi. Hoja yangu, ndugu msomaji, ni kwamba tofauti hiyo ya kauli ndiyo jibu zito kuliko yote kwa swali la kale: ni kitu gani humfanya mtu abaki mahali alipofikia, na ni kitu gani humfanya aondoke?

Siku hizi swali hilo huulizwa sana na vijana, tena mbele ya skrini. Ipo aina ya michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hupewa watu wachache katika nchi ngeni, naye hutakiwa kuwajengea makazi, kuwalisha na kuwalinda ili wasife wala wasitoroke. Mashuhuri kati ya michezo hiyo ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, iliyotolewa kwa umma mwaka 2006; na RimWorld, iliyobuniwa na Tynan Sylvester na kufikia toleo lake kamili mwaka 2018. Katika RimWorld kila mlowezi ana kipimo cha hali ya moyo, na kila jambo linalomfika huongeza au hupunguza alama. Akilala chumba kizuri, kipimo hupanda. Akila chakula bila meza, hushuka kwa alama tatu. Mwenzake akifa na maiti ikaachwa bila kuzikwa, hushuka tena. Kikishuka kupita mpaka, mlowezi huzidiwa: huzurura bila lengo, huvunja vyombo, na pengine huliacha koloni moja kwa moja asirudi.

Mtu wa Pwani ataicheka kidogo ile meza. Kwetu watu watano huketi mkekani wakalizunguka sinia moja la wali, na kinachomwuma mtu si kukosa meza bali kukosa wa kula naye. Hata hivyo, tukiiacha meza, waundaji wa mchezo wamegusa ukweli. Tumbo lina sauti yake katika suala la kubaki, na historia yetu inawaunga mkono. Vijana wa TANU waliokwenda kuanzisha kijiji cha Litowa, Ruvuma, mwaka 1960, walishindwa mara ya kwanza kwa sababu chakula kiliwaishia. Waliondoka, wakajipanga, wakarudi mwaka uliofuata wakiwa na njia ya kujivusha hadi mavuno. Na safari hiyo wakabaki. Mwenye njaa hahubiriwi habari za kauli za vitenzi.

Lakini Litowa ina funzo la pili, nalo halimo katika kipimo cha mchezo. Kijiji kile kilizaa vingine, hata Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kikawa na vijiji vipatavyo 17, vikijipangia kazi, shule na mapato kwa vikao vyao wenyewe. Mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na kuviweka vijiji chini ya uongozi kutoka juu. Udongo ulibaki ule ule, na mvua ile ile. Hakuna aliyepokonywa meza. Kilichoondolewa ni uamuzi. Walimu na viongozi wakatawanywa, na Litowa haikurudi tena kuwa ilivyokuwa.

Hapo ndipo hesabu ya mchezo inapoishiwa. Katika mchezo, mtendaji wa karibu kila kitenzi ni mchezaji. Yeye huweka, hujenga, hugawa na huamuru. Mlowezi hakuchagua bonde lile wala mto ule, wala hakuulizwa kama angependa mlango wa nyumba yake utazame mawio au machweo. Kitenzi kimoja tu amebakishiwa, nacho ni kuondoka. Na akikitumia, programu huandika kwamba moyo wake umezidiwa. Yaani kuondoka kwake huhesabiwa kuwa ugonjwa, hakuhesabiwi kuwa maoni. Nisingelishughulikia jambo hili kama lingeishia kwenye mchezo. Ninalishughulikia kwa sababu ndivyo tunavyozoea kuwasema watu walio hai: aliyeondoka tulipomweka ni mkaidi, aliyerudi tulipomtoa ni mjinga, na aliyebaki ni mfano wa kuigwa.

Na lugha yetu inalo neno bora kuliko hayo. Mlowezi ni mtu aliyelowea, na kulowea ni kukaa ugenini mpaka ugeni ukaisha. Sikio la mshairi huliweka neno hilo jirani na kulowa, kama kitambaa kinavyopokea maji polepole hata yakafika kwenye kila uzi. Ajabu ni kwamba neno hili la upole tumewavisha watu wa koloni. Katika vitabu vya historia, walowezi ni Wazungu waliotwaa nyanda za juu za Kenya, watu ambao mwenyeji ndiye aliyetakiwa kuwapisha. Kulowea kwa maana yake halisi hakuhitaji mwingine aondoke. Kunahitaji muda, jirani, na ridhaa ya anayelowea. Wala hakuna amri inayoweza kumfanyia mtu kazi hiyo kwa niaba yake.

Ili hoja isielee hewani, naipeleka mahali penye jina. Gendabi ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, chini ya Mlima Hanang, volkano iliyolala yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Ni nchi ya udongo mzuri, ya mahindi na maharage na ng'ombe. Wanaishi humo na kandokando yake Wairaqw na Wadatooga, ambao miongoni mwao ni Wabarabaig, pamoja na watu waliotoka Singida na kwingineko. Ukitaka kujua ni kitu gani huwafanya watu wabaki au waondoke, nchi hii ya Mbulu na Hanang imeliuliza swali hilo kwa kila kauli ya kitenzi: hama, hamia, hamahama, hamishwa.

Tuanze na kuhamia. Chimbuko la Wairaqw, kama wanavyolitaja wenyewe, ni Irqwa Da'aw, katika milima ya Mbulu. Katika karne ya ishirini, ardhi ilipobana, walitoka huko wakaenea kaskazini hadi Karatu na kusini hadi Hanang. Kwa lugha yao nchi yenye watu wanaotambuana kuwa jamii moja huitwa aya. Ni sadfa tamu kwa mpenzi wa Kiswahili, maana kwetu aya ni fungu la maneno lenye mwanzo, mwisho na maana inayojitosheleza. Robert Thornton, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu ya Wairaqw mwaka 1980, ameieleza ibada ya masay, ambayo kwayo nchi hutakaswa na mipaka yake hutambuliwa na watu wake. Maana yake ni kwamba ardhi tupu haikuwa kwao bado. Iliwapasa kutenda jambo, tena kwa pamoja, ndipo porini pawe nyumbani. Anayetaka kujua kwa nini watu hao walibaki walikohamia, asianze kwa kuuliza ukubwa wa vyumba vyao. Aulize ni nani aliyeizunguka mipaka.

Kisha kuhamahama. Kwa mfugaji wa Kidatooga kuhama na kukaa si vitenzi vya kupingana. Mifugo yake ilizunguka malisho tofauti kwa majira tofauti, na katika mzunguko huo nyanda zenye rutuba kuliko zote, za Basotu, walizoziita muhajega, zilikuwa na zamu yake. Kumwona hayupo leo hakukuwa na maana kwamba ameondoka. Ilikuwa zamu ya malisho mengine. Jicho la mgeni lilitazama nyanda hizo katika majira ya kupumzishwa, likaona nchi tupu. Nadhani hili ni kosa la tafsiri kabla ya kuwa kosa la kilimo: “hayupo sasa” lilisomwa kuwa “hana kwake”.

Juu ya kosa hilo yakajengwa mashamba ya ngano. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua katika nyanda hizo mashamba makubwa saba, jumla ya zaidi ya ekari 70,000. Wabarabaig hawakuhama, walihamishwa. Na katika malalamiko yao lipo moja ambalo hata kipimo cha RimWorld kingelielewa: makaburi. Mzee mwenye heshima kwa Wabarabaig huzikwa kwa mazishi makubwa yaitwayo bung'ed, na juu yake huinuliwa kichuguu cha udongo ambacho ndugu zake hukirudia kwa miaka. Matrekta yalipita juu ya vichuguu hivyo. Mchezo wa kompyuta humtoza mchezaji alama kwa maiti mmoja asiyezikwa. Sijui ungetoza alama ngapi kwa mzee aliyekwisha kuzikwa kisha akalimwa.

Mpenzi wa lugha ayatazame na majina ya mashamba yale: Basotu, Gawal, Gidagamowd, Mulbadaw, Murjanda, Setchet, Waret. Ukiyasikiliza utaitambua sauti ya wenyeji. Lile “Gida” la mwanzo linasikika katika majina mengi ya wanaume wa Kidatooga. Majina yalibaki, wenye majina wakatolewa. Jina la mahali ni kama kitenzi kilichofutiwa mtendaji: kinaendelea kueleza jambo, lakini hakisemi tena ni nani aliyelitenda.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Isome tena sentensi hiyo polepole. Mtu ambaye jina la shamba limetoka kinywani mwa babu zake alitakiwa alete ushahidi kwamba ni mwenyeji wa hapo. Sitakuwa hakimu juu ya mahakimu. Sheria ina njia zake za kusoma maneno. Ninachosema ni kwamba neno mwenyeji, ambalo nyumbani hujulikana kwa anayemkaribisha mgeni, lilipofika mahakamani liligeuka kuwa cheo kinachohitaji hati.

Na kuhamishwa hakukuwa kwa wafugaji peke yao. Mnamo Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima, na kazi hiyo ikatakiwa ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Ilikuwa Operesheni Vijiji. Wananchi wengine wakaiita Operesheni Sogeza, na katika jina hilo la pili mwananchi amefanya kazi ya mshairi. Sogeza ni kitenzi cha kutendesha: husogezwa meza, husogezwa kiti, husogezwa ng'ombe mlangoni pa zizi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1968 juu ya uhuru na maendeleo, alikuwa amekwisha kusisitiza kwamba maendeleo ya mtu ni tendo la mtu mwenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa kulazimishana. Miaka mitano baadaye kauli ya kitenzi ilikuwa imebadilika. Mwaka 1977 alitoa taarifa kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji 7,684. Kwa hesabu ya mchezo, huo ni ushindi usio na mfano.

Lakini hesabu haikusikia watu walichokisema moyoni. Wengi waliyakumbuka mashamba yao ya zamani, na baadhi wakayarudia au wakayadai. Kutoka Kambi ya Simba, katika nchi hiyo hiyo ya Wairaqw, baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walidai ardhi iliyokuwa imechukuliwa katika operesheni ile. Shauri lao dhidi ya Mwanasheria Mkuu lilifika Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 1994 ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Fikiri juu ya umri wa dai hilo. Miaka ilipita, shule na zahanati zikajengwa katika vijiji vipya, na bado kumbukumbu ya shamba la kwanza haikufifia. Waungwana husema ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Zizi lake analijua yeye. Huwezi kumchorea jingine kwenye ramani ukamwambia ndilo.

Sasa tufike kwenye mlima wenyewe. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ililegea ikamomonyoka, na tope lililobeba mawe na magogo likashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya kandokando, Gendabi ikiwa miongoni mwao. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilifunikwa, mifugo ilisombwa, na mashamba yalivikwa tope. Baadaye serikali na wadau wake walijenga nyumba 109 kwa ajili ya waathirika, katika eneo la Waret, kijiji cha Gidagamowd. Msomaji aliyeyashika majina ya mashamba ya ngano ameshituka: Waret na Gidagamowd yamo katika ile orodha ya saba. Mahali ambapo majina yake yalipata kuandikwa juu ya kuhamishwa kwa wengine, sasa pameandikwa juu ya kuhamishiwa kwa wengine tena.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Kujenga zile nyumba ni jambo jema, na anayelibeza hajalala chini ya turubai. Wala sitaki kuwasemea wakazi wa Waret. Wana ndimi zao. Tena pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu naliona waziwazi: mlima ukimomonyoka hauulizi mtu ridhaa. Mama aliye kwenye njia ya tope haokolewi na mjadala wa kauli za vitenzi. Huokolewa na anayemshika mkono akamvuta. Zipo nyakati ambazo kuhamisha ni kuokoa, na serikali isiyohamisha wakati huo ingestahili lawama nzito kuliko zote nilizotaja.

Nakubali yote hayo. Lakini kuokoa ni kwa usiku mmoja, na makazi ni kwa vizazi. Kitenzi kilichofaa usiku wa tope hakifai kuendelea kutawala miaka kumi baadaye. Swali halisi si kama watu wahamishwe. Swali ni namna gani aliyehamishwa anaweza kufikia kusema, kwa kinywa chake, “nimehamia”. Na iwapo siku moja mtu ataifunga nyumba mpya akarudi kulima karibu na mlima, swali letu la kwanza lisiwe “kwa nini mkaidi?” Tuulize: amefuata nini huko? Huenda ni ule udongo mweusi, maana nyumba haipandwi mahindi. Huenda ni jirani aliyekuwa akimtazamia mgonjwa. Huenda ni kaburi. Kila moja la hayo ni maoni yake juu ya makazi tuliyompa, na kuondoka kwake ni kuyasema kwa miguu baada ya kukosa pa kuyasema kwa mdomo.

Basi ni nini kingegeuza “nimehamishwa” kuwa “nimehamia”? Yaliyotangulia yanaonyesha mambo matatu, na yote ni ya kutendwa na walowezi wenyewe. La kwanza ni kupima mipaka. Wairaqw walilijua hilo: nchi huwa yako ulipoizunguka. Wakazi wapya wakishiriki kuamua nani apakane na nani, zizi likae wapi na njia ya maji ipite wapi, wanakuwa wameanza kutenda. La pili ni kutaja. Mtaa ambao umepewa namba ya kiwanja na kuachwa hivyo unamngojea mtu wa kuupa jina. Na watu waliopewa haki ya kutaja mtaa wao, kwa Kiiraqw, kwa Kidatooga au kwa Kiswahili, hupata neno la kumwambia mgeni anayeuliza njia. La tatu ni kuzika. Mahali pasipo makaburi bado ni kambi. Hili halipangwi wala haliharakishwi. Ila wanaopanga makazi wanaweza kutenga ardhi ya kuzikia mapema, na kuliheshimu kaburi la mwenyeji wa kwanza walilolikuta hapo.

Hilo la mwisho linanirudisha kwa methali inayotajwa mno kwa haraka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia kama karipio kwa mgeni mvivu. Mimi naisikia pia kama haki. Jembe ni ruhusa ya kuigusa ardhi. Asiyepewa jembe, hata umlishe na kumlaza vizuri namna gani, umemweka katika siku ya pili milele. Na mtu wa siku ya pili moyo wake uko njiani. Mchezaji wa michezo ile ya kompyuta anaweza kumpa mlowezi wake kitanda cha dhahabu. Jembe la siku ya tatu hana namna ya kumpa, kwa kuwa mpini wake hauwezi kuachiwa.

Na sisi wa kalamu tunalo letu la kufanya. Tunapoandika habari za watu wa Gendabi, wa Basotu au wa mahali popote palipohamishwa, tusikitumie kitenzi kwa kutazama mizani peke yake. Walioondolewa tusiandike kwamba “walihama”. Waliojiendea wenyewe tusiwaandike kama mizigo. Na tuandikapo “walihamishwa”, tujitahidi kusema na nani; kauli ya kutendwa ni mlango ambao mtendaji hupenda kutokea kimya kimya, na kazi ya mwandishi ni kuuwekea taa. Sheria na takwimu zina watunzaji wake. Vitenzi watunzaji wake ni sisi.

Naweka kalamu chini kwa beti mbili. Ya kwanza ni ya aliyehamia, ya pili ni ya aliyehamishwa, popote alipo.

Nimehamia kwa nia, na jembe nimelishika,
Jiwe la kwanza la njia, kwa mkono nimeweka,
Siku nitayojifia, papo nitapumzika,
Hapa nilipohamia, ndipo kwangu nimefika.

Nyumba mmenijengea, bati lake lang'arika,
Na dua nawaombea, kwa wema ulotendeka,
Neno ninalongojea, halijasemwa hakika:
Ni wapi napendelea, mwenyewe ningetamka.